Mteja wa Kijijini Hajakupuuza, Video Ndiyo Haijafunguka

Umeposti video ya vitenge vipya. Wateja wa Dar wameshauliza bei, wengine wamelipa kabisa. Yule wa kijijini, aliyesema anataka pea tatu, kimya. Usimfute kwanza. Tupige hesabu.

Video ya MB 10, kwa mtu mwenye fiba ya megabiti 10 kwa sekunde, inashuka ndani ya sekunde 8. Kwa mtu ambaye simu yake inaonyesha herufi "E", kasi ikiwa kilobiti 100 kwa sekunde, video hiyohiyo inachukua zaidi ya dakika 13. Nani atasubiri? Na bando nalo linaisha.

Kwa nini iko hivyo? Intaneti yetu nyingi inaingia kwa nyaya za chini ya bahari, kama SEACOM iliyofika Dar mwaka 2009. Mjini kampuni zinavuta fiba hadi majumbani kwa sababu wateja wamebanana. Kijijini watu wametawanyika, mnara mmoja unahudumia eneo kubwa, na 4G haifiki kila mahali.

Hata mjini usijisahau. Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika karibu na Afrika Kusini, na mtandao ukasumbua Tanzania, Kenya na Uganda. Siku kama hiyo, wote tunakuwa wa kijijini.

Sasa fanya hivi:

1. Andika bei, saizi na nauli ya mzigo kwa maneno. Usiviache ndani ya video tu. Maneno yanafika hata mtandao ukiwa dhaifu.

2. Mteja akiwa mbali, muulize: "Nikutumie picha au video?" Picha moja safi inatosha kuuza.

3. Mkumbushe kuwa kulipa kwa menyu ya simu, mfano *150*00# ya M-Pesa, hakuhitaji bando.

4. Weka namba ya kupiga na ya SMS. Kimya kikizidi, piga wewe.

5. Kama wewe ndiye uko kijijini, andaa posti zako mapema, zipakie ukifika penye mtandao mzuri, na waambie wateja saa unazopatikana.

Mteja asiye na maduka karibu akikuamini, hakuachi kirahisi. Usimpoteze kwa sababu ya MB 10.

Mtumie na mwenzako anayeuza mtandaoni.