Nakshi za Silika Ndani ya Seli Moja

Karibu na Gilgil, katika Bonde la Ufa nchini Kenya, machimbo ya Kariandusi hutoa kitu cheupe, chepesi, kinachosagika vidoleni. Kwa macho ni udongo wa chokaa. Chini ya hadubini ni magamba ya diatomu, mwani wa seli moja ulioishi katika ziwa la kale. Kila gamba ni silika, maada ileile iliyo katika mchanga na kioo, lakini limetobolewa vitundu vilivyopangika safu kwa safu kwa usahihi wa kushangaza, hata wataalamu wa karne ya 19 wakavitumia kupima ubora wa lenzi za hadubini. Kiwanda cha kioo huyeyusha mchanga kwa joto linalopita nyuzi 1,400. Diatomu hujenga kwa joto la maji inamoishi. Nani basi anayepanga nakshi hiyo? Wapo wanaoona kwamba jeni hubeba mchoro kamili, tundu kwa tundu, na wapo wanaoona kwamba kemia hujipanga yenyewe. Ushahidi uliopo, kwa maoni yangu, unaonyesha njia ya tatu: seli huandaa mahali, viambato na mipaka, kisha huiachia kemia kazi ya kuchora ndani ya mipaka hiyo.

Gamba lina nusu mbili, moja kubwa kidogo inayoifunika nyenzake ukingoni. Seli inapogawanyika, kila mtoto hurithi nusu moja na kujenga nyingine, nayo daima huwa ile ndogo ya ndani. Ndiyo maana katika spishi nyingi wastani wa ukubwa hupungua kizazi baada ya kizazi, mpaka uzazi wa kijinsia uurudishe. Mali ya ujenzi ni asidi ya siliki iliyoyeyuka majini, mara nyingi kwa kiasi haba mno. Protini za kwenye utando wa seli huinasa na kuiingiza ndani. Jeni za protini hizo zilitambuliwa mwaka 1997. Kutoka kwenye utando huo asidi hupelekwa kwenye kifuko bapa chenye utando wake, na hali ya uasidi kidogo ndani yake. Humo silika huganda hatua kwa hatua: kwanza uti au kitovu cha gamba, kisha mbavu zinazoenea kuelekea ukingoni, halafu vitundu katikati ya mbavu. Likishakamilika, gamba husukumwa nje, na tangu hapo halirekebishwi tena.

Mwaka 1999, nchini Ujerumani, Nils Kröger, Rainer Deutzmann na Manfred Sumper walitenga kutoka kwenye magamba ya Cylindrotheca fusiformis protini walizoziita silafini. Zilipotiwa katika mmumunyo wa asidi ya siliki, silika iliganda kwa sekunde chache. Lakini kilichopatikana kilikuwa vidonge vidogo vya mviringo vilivyoshikamana ovyo, gamba halikuwapo. Kwangu hili ndilo tokeo lenye uzito kuliko yote, kwa sababu linaonyesha kwamba viambato sahihi peke yake havitoshi. Mwaka 2002 Sumper alipendekeza jinsi umbo linavyoweza kuzaliwa. Kwenye magamba hayo kuna pia poliamini, molekuli ndefu zinazojitenga na maji jinsi mafuta yanavyojitenga. Matone yake yakibanana hujipanga katika pembe sita. Silika huganda kwenye nafasi zilizobaki kati yao, na pale palipokuwa na tone hubaki tundu. Kisha matone hugawanyika kuwa madogo zaidi, na kizazi kipya cha vitundu hutokea ndani ya kile cha kwanza. Hatua hizo zinafanana sana na zile zinazoonekana katika magamba ya Coscinodiscus yaliyokamatwa kabla ya kukamilika.

Hapo msomaji makini atapinga: kama matone hujipanga yenyewe, kwa nini kila spishi hurithi nakshi yake, hata wataalamu wakaitambua kwa gamba tu? Pingamizi hili ni la haki, na ndilo linalonizuia kuikabidhi kemia kazi yote. Kuzunguka kifuko kuna nyuzi za ndani za seli zinazokishikilia na kukielekeza. Dawa zinazovunja nyuzi hizo zikitumika, gamba huweza kutoka limepotoka, au mpasuko wake wa katikati ukahama mahali pake. Mwaka 2022 watafiti wa Dresden walieleza kwamba walipozima jeni za protini fulani za kifuko hicho katika Thalassiosira pseudonana, gamba liliendelea kujengwa ila mpangilio wa vitundu ukavurugika. Kwa hiyo urithi upo, na una nguvu; unachorithisha ni masharti ya ujenzi. Mchoro kamili uliokwisha kuandikwa usingeeleza kwa nini diatomu zenye jeni zilezile, zikikuzwa katika maji yenye chumvi tofauti, huweza kutoa magamba yenye nakshi tofauti.

Masharti hayo yanaanzia nje ya seli, na Ziwa Viktoria linatuonyesha hivyo waziwazi. Fosforasi ilipozidi ziwani katika karne ya 20, diatomu zilishamiri, magamba yao yakazama na kufukiwa na tope, na silika iliyoyeyuka ikapungua takriban mara 10 kati ya miaka ya 1960 na 1990. Diatomu nyingi zikikosa silika hushindwa kukamilisha kugawanyika. Aulacoseira, yenye gamba nene, ilipoteza nafasi yake. Nitzschia, yenye gamba jembamba linalohitaji silika kidogo, ikasonga mbele pamoja na bakteria wa kijani-buluu wasiojenga gamba lolote.