Je, Wajua? Gesti ya Watawa Wasiosema

Safari hii tuko Norton St Philip, kijiji cha mkoa wa Somerset, kusini-magharibi mwa Uingereza, kama kilomita 10 kusini mwa mji wa Bath. Ukifika huwezi kuikosa The George Inn: chini mawe matupu, juu orofa mbili za mbao zilizochomoza kuelekea barabarani kana kwamba zinachungulia nani anapita. Imekuwa ikipokea wageni tangu zama za kati.

Je, wajua kwamba waliojenga gesti hii walikuwa watawa, tena wa shirika gumu kuliko yote? Wakartusi wa monasteri ya Hinton, jirani na kijiji, waliishi kila mmoja peke yake katika kijumba chake chenye bustani ndogo. Nyama hawakula. Chakula walipitishiwa kwenye kitundu ukutani, na kusema walisema kwa nadra sana. Watu wa namna hiyo ndio waliojenga nyumba ya kulala wachuuzi, yenye bia, farasi na kelele za usiku kucha.

Sababu ilikuwa sufu. Kondoo wa vilima vya Somerset walikuwa mali, na monasteri ilikuwa na haki ya kuendesha gulio Norton. Wanunuzi walitoka mbali na walihitaji kitanda, na sufu nayo ilihitaji paa. Wafanyabiashara wakalazwa kijijini, na sehemu ya juu ya jengo ikawa ghala. Ni mpango mzuri: fedha zinaingia monasteri, kelele zinabaki Norton.

Utajiri huo haukuwa wa kijiji kimoja. Sufu ndiyo iliyokuwa bidhaa kuu ya Uingereza kwenda nje katika zama za kati, na mpaka leo anayeongoza vikao vya Nyumba ya Malordi huketi juu ya mto mkubwa mwekundu uliojazwa sufu.

Wajua nani aliyeanzisha monasteri yenyewe? Mwanamke. Ela, bibi wa Salisbury, mjane mwenye ardhi kubwa, alianzisha nyumba mbili za kitawa siku moja, tarehe 16 Aprili 1232: asubuhi ya masista kule Lacock, alasiri ya Wakartusi kule Hinton. Baadaye yeye mwenyewe akajiunga na ile ya Lacock na kuwa mama mkuu wake.

Gesti imeishi kuliko walioijenga. Mwaka 1539 Mfalme Henry VIII, aliyekuwa akizifunga monasteri za nchi nzima na kutwaa mali zao, aliifikia Hinton. Watawa wakatawanyika, na majengo yao yakaachwa kubomoka. Gesti ikabadilisha mmiliki tu, ikaendelea kumimina bia.

Sasa tahadhari kidogo. Utasikia kwamba The George ina leseni ya kuuza pombe tangu mwaka 1397, na kwamba hakuna nyingine nchini yenye leseni ya zamani zaidi. Mimi naisikiliza hadithi hiyo kwa sikio moja. Sheria iliyovitaka vilabu vya pombe vya Uingereza kupata kibali cha mahakimu ni ya 1552. Uzee wa jengo sina ubishi nao, mawe yanajieleza. Lakini kila kijiji cha Uingereza kina baa iliyo kongwe kuliko zote, na kule St Albans ipo inayotaja mwaka 793. Kitabu cha rekodi cha Guinness kiliifuta rekodi ya aina hiyo mwaka 2000.

Je, wajua mgeni mashuhuri aliyekula hapa akaandika bei? Tarehe 12 Juni 1668 alipita Samuel Pepys, ofisa wa jeshi la wanamaji, pamoja na mkewe na watumishi, wakitoka Salisbury kwenda Bath. Walikula vizuri kijijini na kulipa shilingi 10. Wakati huo shilingi 20 zilifanya paundi moja, hesabu ileile iliyotumika Afrika Mashariki shilingi ilipoanzishwa kwetu mwaka 1921. Kwa hiyo nusu paundi kwa chakula cha mchana cha familia moja. Si kidogo.

Pepys alikuwa mtu wa kupenda kuchungulia mambo. Aliingia kanisani akatazama jiwe la kaburi lenye vichwa viwili, ambalo wenyeji walisema ni la mapacha walioungana, mabinti wa Foscott. Vichwa hivyo vya mawe bado vipo kanisani. Kesho yake huko Bath alioga katika maji ya moto yanayosifika kwa tiba, halafu akajiuliza usafi uko wapi miili mingi hivyo ikiloweka katika maji yale yale. Swali la haki kabisa.

Tunayajua haya yote kwa bahati. Pepys aliandika kwa hati mkato, na shajara yake ilikaa maktabani kwa zaidi ya karne moja bila kusomwa. Kijana mmoja wa Cambridge, John Smith, alitumia takriban miaka mitatu kuifumbua, na sehemu zake zikachapishwa mwaka 1825.

Miaka 17 baada ya chakula kile cha shilingi 10 walikuja wageni wasioagiza chumba. Mwezi Juni 1685, Duke wa Monmouth, mwana wa nje ya ndoa wa hayati Mfalme Charles II, alikuwa amevuka bahari na kutua Lyme Regis ili amng'oe baba yake mdogo, James II, kwenye kiti cha ufalme. Wakulima na wafumaji wa Somerset walimfuata kwa maelfu, wengine wakiwa na miundu iliyofungwa kwenye miti mirefu. Bath ilimfungia milango. Akarudi nyuma hadi Norton na kufanya makao yake The George.

Asubuhi ya tarehe 27 Juni jeshi la mfalme lilimkuta hapo. Kikosi cha mbele kikajitumbukiza katika kichochoro chenye nyua ndefu za miti pande zote mbili, na waasi wakawa wanapiga risasi kutoka ndani ya nyua. Kiongozi wa kikosi kile alinusurika chupuchupu. Wajua alikuwa nani? Duke wa Grafton, mwana mwingine wa nje wa Charles II. Ndugu wa baba mmoja walipigana kwenye uchochoro wa kijiji. (Hata mume wa Ela tuliyemtaja hapo juu alikuwa mwana wa nje wa mfalme, Henry II. Norton ina bahati ya pekee na watoto wa namna hii.)

Siku ile Monmouth hakushindwa. Lakini mvua ilikuwa kubwa, watu wake walichoka, na usiku huohuo aliwaondoa kuelekea Frome. Tarehe 6 Julai alivunjwa kabisa pale Sedgemoor. Tarehe 15 alikatwa kichwa jijini London na mnyongaji Jack Ketch, ambaye shoka lilimshinda hata akalazimika kupiga mara kadhaa.

Kisasi kilirudi mpaka kijijini. Jaji Jeffreys alizunguka mikoa ya magharibi akihukumu waasi. Zaidi ya 300 waliuawa, na zaidi ya 800 walipelekwa visiwa vya Karibi kufanya kazi ya kulazimishwa. Norton St Philip walinyongwa watu 12. Mahali penyewe wenyeji hupaonyesha nyuma ya gesti, mahali ambapo siku nyingine mgeni angekaa na glasi yake juani.

Tupumue. Je, wajua kwamba katika gesti za zamani za Uingereza kulala kitanda kimoja na mtu usiyemjua lilikuwa jambo la kawaida? Kitanda maarufu cha Ware kilitengenezwa karibu mwaka 1590 kwa gesti ya mji wa Ware, na upana wake unazidi mita 3. Shakespeare alikitaja katika tamthilia. Wageni walichonga herufi za majina yao kwenye mbao zake, na sasa kimo katika makumbusho ya Victoria and Albert jijini London.

Na kwamba mwenye gesti hakuruhusiwa kuchagua wageni? Kwa sheria ya kimila ya Uingereza alipaswa kumpokea msafiri yeyote aliyeweza kulipa, ilimradi nafasi ipo. Mzigo wa mgeni ukiibwa ndani, ilikuwa juu ya mwenye gesti kulipa. Kilabu cha pombe hakikubebeshwa wajibu huo, na ndiyo tofauti kubwa kati ya viwili hivyo.

Kuanzia tarehe 2 Agosti 1784 magari ya farasi ya posta yalikimbia kati ya Bristol, Bath na London, mpango wa John Palmer wa Bath, na gesti za njiani zikanona kwa wasafiri na farasi wa kubadilisha. Raha hiyo haikudumu hata miaka 60. Reli ya London hadi Bristol ilikamilika mwaka 1841, na abiria wakaanza kupita mbali bila hata kuliona bango la baa.

Jambo la mwisho. Wajua kwa nini baa za Uingereza zilikuwa zikifungwa mchana? Vita Kuu vilipoanza mwaka 1914, serikali ilihofia kwamba wafanyakazi wa viwanda vya silaha wangelewa, ikapitisha sheria ya kubana saa za pombe. Katika jina lake rasmi sheria hiyo ilijiita ya muda. Vita viliisha mwaka 1918. Kufunga mchana siku za kazi kukaendelea hadi 1988, na wanywaji wa Jumapili wakasubiri hadi 1995.