Rambo 2: mkanda tulioutazama sisi na mkanda walioutazama wao



Kuna swali ambalo vijana wetu wamenitupia mara nyingi, kule Louisville nilikoanzia maisha ya Marekani, Columbus nilikohamia baadaye, na sasa hapa Buffalo: "Mzee, kwa nini nyie watu wa kule mnampenda hivyo Rambo?" Wanacheka. Wao wameiona Rambo 2 kwa Kiingereza, kwenye simu. Wameona jamaa kifua wazi anaangusha jeshi zima peke yake, basi, kwao ni kichekesho. Nimeona nilieleze jambo hili kwa utaratibu kidogo, kwa sababu ndani yake kuna historia ya hapa tunapoishi, na kuna kazi ya Kiswahili ambayo tusipoiangalia itatupotea.

Tuanze na jina. Rambo alizaliwa kitabuni, si kwenye filamu. David Morrell alichapisha riwaya yake, First Blood, mwaka 1972. Morrell ni mzaliwa wa Kitchener, Ontario, ambako kutoka hapa Buffalo ukivuka mpaka unafika kwa gari chini ya saa tatu. Mwenyewe ameeleza kwamba alikuwa anamsoma mshairi Mfaransa Rimbaud, na siku hiyo mkewe akaleta nyumbani matofaa ya aina inayoitwa Rambo. Majina mawili yakagongana kichwani mwake. Halafu sikieni hili, watu wa Louisville: katika riwaya, mji unaomfukuza huyu askari aliyerudi vitani uko Kentucky. Ni mji wa kubuni, lakini jimbo ni lenu. Filamu ya mwaka 1982 ndiyo iliyouhamishia jimbo la Washington. Tena kitabuni Rambo anakufa mwishoni. Wenye filamu walimwacha hai, na ndipo Rambo 2 ikawezekana.

Rambo 2 ilitoka Mei 1985. Muongozaji ni George Cosmatos, na mswada umeandikwa na Sylvester Stallone pamoja na James Cameron, ambaye naye ni jirani yetu: alikulia Chippawa, upande wa Kanada wa maporomoko ya Niagara. Ile Vietnam mnayoiona kwenye picha ni Mexico. Hapa Marekani peke yake iliingiza zaidi ya dola milioni 150. Filamu ya kwanza haikuwa na jina la Rambo kwenye anwani yake, ilikuwa First Blood tu. Ya pili ndiyo iliyolitanguliza hilo jina, na kuanzia hapo likaenda dunia nzima.

Kisa mnakijua. Rambo yuko gerezani, anavunja mawe. Kanali Trautman anamjia na kazi: aende Vietnam akapige picha tu za kambi inayodhaniwa bado ina mateka wa Kimarekani. Asipigane. Anawakuta mateka kweli, anamtoa mmoja, helikopta inakuja kumchukua, na mkubwa wao Murdock anatoa amri kwa redio waachwe hapo hapo. Maana wakubwa walitaka jibu la "hakuna mtu", si mtu mwenyewe. Yanayofuata ni mateso, msichana Co anayemsaidia kutoroka halafu anapigwa risasi, upinde wenye mishale ya kulipuka, helikopta ya kuteka, na mateka wote wanarudishwa.

Sasa, Mmarekani wa mwaka 1985 aliona nini pale? Jibu liko posta. Jamani, ile bendera nyeusi inayopepea chini ya bendera ya taifa, yenye kivuli cha kichwa cha mtu aliyeinama, mnara wa mlinzi na seng'enge, mmewahi kuuliza ni ya nini? Ni bendera ya mateka wa vita na wanajeshi waliotoweka. Mwaka 1973, baada ya mapatano ya Paris, mateka 591 walirudishwa nyumbani, lakini Wamarekani zaidi ya 2,500 hawakujulikana walipo, wazima au maiti. Familia ziliendelea kungoja. Uvumi ukaenea kwamba wapo waliobaki kambini na serikali inajua. Filamu ilichukua huo uvumi ikaufanya ukweli kwa saa moja na nusu. Kamati maalumu ya Seneti, chini ya John Kerry, ililichunguza jambo hili kuanzia 1991 hadi 1993, ikahitimisha kwamba hakuna ushahidi wa kuridhisha kuwa kuna aliyebaki hai utekani. Hata hivyo, zaidi ya 1,500 bado hawajapatikana hata mabaki. Sheria ya mwaka 2019 inataka bendera hiyo ipepee kwenye majengo kadhaa ya serikali kuu, posta zikiwemo, kila siku inapopepea ya taifa.

Kwa hiyo, mfanyakazi mwenzako mzee, mwenye kofia ya Vietnam, anapokwambia anaipenda Rambo 2, huenda hasemi habari za bunduki hata kidogo. Na huenda pia anasema habari za bunduki tu. Wapo wa kila namna.

Sisi je? Mimi niliiona Ujiji, kwenye kibanda cha mabati, kile ambacho watu walikuja kukiita kibanda umiza. Habari za mapatano ya Paris hakuna aliyekuwa nazo. Aliyekuwepo ni mtafsiri, kasimama pembeni mwa televisheni. Kwenye kinywa chake Murdock akawa "bosi wa kwenye kiyoyozi", Trautman akawa "mjomba", na helikopta ilipogeuka kumwacha Rambo, mtafsiri alinyamaza kwanza, kisha akasema: "Mmeona? Wakubwa ndivyo walivyo." Kibanda kizima kikaguna. Kila mtu pale alimjua bosi wake wa kiyoyozi. Tulipoanza kuogopa kwamba Rambo atakufa kwenye mateso, watu wazima walitutuliza kwa kanuni moja: stelingi hafi.

Ukitazama vizuri utaona kwamba ile filamu iliingia kwenye ngano zetu ikakaa kitako. Shujaa anatumwa safari ya hila ili asirudi. Wazee wetu walisimulia hivyo karne nyingi kabla ya Stallone. Wala si sisi peke yetu tuliojisomea mambo yetu humo. Paul Richards, mwanaanthropolojia, katika kitabu chake cha mwaka 1996 kuhusu vita vya Sierra Leone, anaeleza jinsi wapiganaji vijana kule walivyoichukua filamu ile ya kwanza kama kisa cha kijana anayetupwa nje na jamii yake. Huo ni upande wa giza wa jambo hili, na wenzetu waliotoka Kivu wanaujua kuliko profesa yeyote.

Neno nalo likahamia Kiswahili moja kwa moja. "Kujifanya Rambo" ni kuvamia jambo peke yako bila kuomba msaada. Tanzania mfuko wa plastiki ukaitwa rambo, hata mtoto akitumwa dukani anaomba "rambo moja". Mifuko hiyo ilipigwa marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, ila jina bado mtalisikia.

Nirudi kwenye maisha ya hapa, maana ndiko mambo yanakowasha. Kusini mwa Louisville, Wakongomani wanaishi jirani na Wavietnam waliofika miongo kadhaa kabla yao. Wananunua mchele na samaki duka moja. Mvietnam huyo, ambaye mara nyingi alikimbia serikali ile ile inayoitwa adui kwenye filamu, anamwona nani pale? Anaona watu wa kwao wakianguka makumi kwa makumi, bila jina wala mama wa kuwalilia. Mwenye jina ni Co, naye anauawa. Kijana wetu anayepiga kelele za Rambo mbele ya mwanafunzi mwenzake Mvietnam anapaswa kulijua hili. Na sisi wazazi ndio wa kumwambia.

Mama mmoja wa Uvira aliniuliza maana ya ile bendera nyeusi. Nikamweleza. Akakaa kimya, halafu akasema, "Kwetu ile bendera ingefungwa ku kila nyumba." Wanawe wawili hawajulikani walipo tangu vita. Toka siku hiyo Rambo 2 siwezi kuiangalia kama kichekesho, ingawa najua vizuri kwamba imejaa uongo.

Ushauri wangu kwa wenye watoto: waonyesheni kwanza ile ya 1982. Humo mtu anayekufa ni mmoja tu, na Rambo mwishoni analia. Halafu ndiyo waione ya pili, na mwaeleze habari za bendera.

Kwa wasomi nina ombi. Kazi za Kapteni Derek Mukandala, yaani Lufufu, wa Tanzania, za DJ Afro wa Kenya na za VJ Jingo wa Uganda ni fasihi simulizi ya zama za video. Tunakusanya ngano za bibi zetu, hizi tunazidharau. Mikanda ya VHS inaliwa na ukungu, na wale watafsiri wa vibandani ambao hawakurekodiwa wanakufa na sauti zao. Mwenye mkanda wa zamani wenye tafsiri, kwenye sanduku Columbus au kwa shangazi Kigoma, asiutupe. Aunakili, aandike umetoka wapi na mwaka gani, akiweza auweke kwenye maktaba ya chuo chake. Na mwenye kumbukumbu ya mtafsiri wa mtaani kwao, atuandikie jina lake na maneno aliyokuwa akiyatumia.

Nawasilisha.