Shetani Hajazi Fomu Yetu

Mtu akishikwa na kosa, mara nyingi husema, "Shetani alinipitia." Udhuru huu ni wa kale. Katika Mwanzo 3, Adamu alimsingizia mkewe, naye Hawa akamsingizia nyoka. Nyoka aliadhibiwa, lakini kila mmoja wao alibeba hukumu yake.

Tunaamini kwamba hakuna binadamu asiye na dhambi. Hata hivyo, udhaifu wetu wote haufuti wajibu wa mmoja mmoja. Nabii Ezekieli, katika sura ya 18, aliwakatalia Waisraeli waliodai kuwa wanateseka kwa makosa ya baba zao. Daudi, alipokemewa na Nathani juu ya Uria na mkewe, alikiri bila kumtupia mwingine lawama.

Ndugu wanakamati, fedha za kisima zikipungua, tusiseme tu "zimeliwa," kana kwamba hakuna aliyekula. Tuulize: nani alitia saini, lini, na stakabadhi iko wapi? Anayekiri tumsamehe, lakini naye arudishe. Zakayo, katika Luka 19, aliahidi kurudisha mara nne. Toba ya kweli huonekana hata kwenye daftari la mhazini.