Kuketi na Kuhesabu Kabla ya Kupandisha Antena

Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Bwana anatoa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara: kwanza huketi na kupiga hesabu ya gharama. Mfano huo unamfaa sana paroko au mkuu wa shule anayetaka kuunganisha parokia, zahanati na shule kwa intaneti isiyotumia waya. Fedha ni sadaka ya waamini, na mnara ukishasimama mahali pasipofaa haurudishwi dukani.

Mkoa wa Mara si mgeni katika jambo hili. Katika miaka ya 2000, mradi wa ICT4RD, ulioshirikisha COSTECH, DIT na Chuo Kikuu cha KTH cha Sweden, ulijenga mtandao wa majaribio Bunda na Serengeti kwa kutumia mkongo uliopita kwenye njia za umeme za TANESCO. Nako Uganda, Jimbo Kuu la Gulu, kupitia BOSCO, lilifikisha intaneti isiyo na waya katika kambi za watu waliokimbia vita, kwa umeme wa jua.

Mtandao wa wavu ni nini? Wavuvi wa Musoma wataelewa upesi. Kila fundo la wavu limeshikana na mafundo kadhaa. Uzi mmoja ukikatika, wavu bado unashika. Vivyo hivyo kila ruta hupokea ujumbe na kuupitisha kwa jirani, na njia moja ikifa, ujumbe hutafuta nyingine.

Kabla ya kununua vifaa, mtandao huo unaweza kujengwa kwanza ndani ya kompyuta na kuulizwa maswali matatu.

La kwanza: je, antena zinaonana? Programu ya bure kama Radio Mobile huchora milima na mabonde kati ya vituo viwili. Chukua Musoma na Butiama, kama kilomita 35 kwa mstari ulionyooka. Mawimbi ya gigahezi 5.8 hayapiti kama uzi mwembamba. Katikati ya safari yanahitaji uwazi wa mita 13 hivi chini ya mstari. Mviringo wa dunia nao huinua ardhi kama mita 18. Jumla ni mita 31, hata kama nchi ingekuwa tambarare, kabla hujahesabu kilima au mwembe. Ndiyo maana kituo cha kati juu ya kilima huweza kuwa nafuu kuliko minara miwili mirefu.

La pili: je, njia inawatosha wote? Ruta yenye redio moja haiwezi kusema na kusikiliza kwa wakati mmoja. Megabiti 20 za hatua ya kwanza hubaki 10 katika hatua ya pili, na chini ya 7 katika ya tatu. Programu kama ns-3 huonyesha hali itakavyokuwa wanafunzi wote wakiingia mtandaoni saa mbili usiku. Mara nyingi jibu ni kuweka lango la intaneti katikati ya vituo, si pembeni.

La tatu: je, kimoja kikiharibika? Zima kituo kimoja ndani ya kompyuta, kwa mfano kilichopigwa na radi. Kama vingine vyote vinakatika, huo si wavu, ni kamba.

Hata hivyo kompyuta hujua kile tu ilichoambiwa. Ramani nyingi za miinuko zinazotumika zilipimwa na chombo cha anga mwezi Februari 2000. Miti iliyokua na ghorofa zilizojengwa tangu hapo hazimo. Maji ya ziwa nayo huakisi mawimbi, na mawimbi yaliyoakisiwa huweza kudhoofisha yale yanayokwenda moja kwa moja. Kwa hiyo, baada ya hesabu, panda juu ya kilima na darubini, azima vifaa viwili, pima kwa siku kadhaa, mvua ikiwamo.

Ikiwa kipimo na hesabu vinapingana, amini kipimo, kisha rudi mezani kabla sadaka haijatumika.