Mtoto Anayelishwa Ugenini

Mwezi Agosti, maji yanapokupwa katika hori ya Mida, kusini kidogo ya Watamu, hushuka juu ya matope ndege mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya rangi ya majivu na mdomo mweusi mnene, mzito kuliko wa ndege yeyote wa pwani wa kimo chake. Chakula chake kikuu ni kaa, na ndiyo sababu ya kuitwa mla kaa. Hatua chache nyuma yake hutembea ndege mwingine wa kimo kilekile, ila pale penye weusi yeye ana kijivu. Huyu wa pili hambandui macho wa kwanza. Hujikunyata, huinamisha kichwa na kulia kwa sauti nyembamba isiyokoma, na mwenzake akikamata kaa, humkimbilia. Mara nyingi hupewa.

Hao ni mzazi na mwanawe, na mahali walipo si nyumbani. Wala kaa hawazaliani Kenya. Huzaliana kwenye visiwa na fukwe za mchanga za Ghuba, Oman, Bahari ya Shamu na kaskazini mwa Somalia. Kutoka Abu Dhabi, mojawapo ya sehemu wanakotaga, hadi Mida ni zaidi ya kilomita 3,000 kwa mstari ulionyooka. Mtoto mwenye mbawa za kuvuka umbali wa namna hiyo bado haachi kuomba chakula. Miongoni mwa ndege wa pwani, malezi yanayoendelea hata baada ya safari ndefu ni jambo la nadra mno.

Likizo ya shule ya Agosti huwaleta wazazi na watoto Watamu wakati huohuo. Kwa nchi za kaskazini huo ni mwisho wa kiangazi, majira ambayo ndege wanaozaliana huko huanza kushuka kusini. Hivyo familia inayotoka Nairobi kuja kupumzika pwani hukuta familia nyingine zimetangulia kufika, na matope ya Mida huwa uwanja wa kutazama namna mbalimbali za kulea mtoto na kumfungulia njia.

Hori ya Mida ni mkono wa bahari ulioingia bara kupitia mlango mwembamba na kutandaa katika eneo la kilomita za mraba zipatazo 32 za maji, matope na mikoko. Iko ndani ya hifadhi ya bahari ya Watamu, ambayo ulinzi wake ulianza mwaka 1968. Upande wa bara, si mbali na mikoko, unaanza msitu wa Arabuko-Sokoke wenye kilomita za mraba zaidi ya 400, msitu mkubwa kuliko yote iliyobaki ya aina yake katika pwani ya Afrika Mashariki.

Waongozaji wa watazamaji ndege wa Mida, ambao wengi ni wenyeji waliokulia ukingoni mwa hori, hawapangi kazi yao kwa saa ya ukutani. Hupanga kwa maji. Kanuni yao ya kwanza ni kwamba anayetaka ndege ajue kwanza mwezi uko wapi. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, tofauti kati ya maji kupwa na maji kujaa hupita mita 3, matope hufunguka hadi mbali, na ndege hutawanyika wakawa nukta tu machoni. Wakati wa maji mafu, tofauti hupungua na ndege hubaki karibu zaidi. Kujaa kwa maji huchelewa kwa dakika 50 hivi kila siku, kwa hiyo saa iliyofaa jana haifai leo. Wakati bora kuliko wote ni maji yanapoanza kurudi: matope humezwa kidogo kidogo, ndege husogezwa kuelekea ufukoni, na anayekaa kimya chini ya mikoko huletewa ndege hadi karibu bila yeye kupiga hatua.

Kanuni ya pili ni kutulia. Mtoto anayekimbiza kundi la ndege ili aone wakiruka huwanyang'anya nguvu walizokuja kuzitafuta, kwani ndege aliyetoka safari ya maelfu ya kilomita anajenga upya misuli na mafuta aliyoyachoma njiani. Kanuni ya tatu ni kumchagua ndege mmoja na kumwangalia kwa dakika kumi, badala ya kuhesabu aina ishirini na kutomjua hata mmoja. Ni kwa kanuni hii ya tatu kwamba mtoto wa mla kaa huonekana. Jicho linalopita haraka huona ndege wawili tu wanaotembea pamoja.

Katika dakika hizo kumi, mzazi husimama tuli karibu na matundu ya kaa. Kaa wakishasahau kuwa yupo hujitokeza, naye hukimbia hatua chache na kudunga. Kaa mdogo humezwa mzima. Kaa mkubwa hutikiswa na kupondwa mpaka miguu na magando yang'oke, kisha mwili huliwa. Kazi hiyo inataka shabaha, haraka na ujuzi wa kumshika kaa bila kuumwa. Mtoto hujaribu naye. Hukimbia akachelewa, hudunga tope, hunyanyua kaa na kumwangusha, kisha hurudi kwa mzazi na kuanza tena kulia. Pengine ugumu wa ufundi huu ndio unaorefusha malezi, kwa kuwa mbawa hukomaa kabla ya mdomo kujua kazi. Lakini wako ndege wengine wanaokula kaa, akiwemo sululu, anayeshiriki jina na chombo cha kuchimbia kwa mdomo wake uliopinda, na watoto wa sululu hujilisha wenyewe tangu siku za mwanzo. Kwa nini mmoja ahitaji mwalimu kwa miezi na mwingine asihitaji hata siku moja? Swali hilo halijafungwa.

Sehemu ya jibu huenda imefukiwa kwenye kiota. Mla kaa ndiye ndege pekee wa kundi la ndege wa pwani anayechimba shimo refu mchangani na kutaga humo. Hukaa kwa makoloni, mashimo yakikaribiana hata mchanga ukaonekana kama chujio. Jike hutaga yai moja tu, kubwa kwa kulinganisha na mwili wake, na jeupe pe. Mayai ya ndege wengine wa pwani huwa na madoadoa ili yafanane na ardhi. Hili la gizani halina wa kujificha macho yake. Jua la Ghuba huupasha mchanga joto, na joto hilo husaidia kuliatamia yai, hata wazazi wakaweza kuliacha kwa saa nyingi na kwenda kutafuta chakula. Yai likianguliwa, kifaranga anaweza kutembea, lakini hubaki shimoni akiletewa kaa. Ndege mwenye mayai manne hugawanya bahati yake mara nne. Mwenye yai moja ameweka kila alichonacho kwa mtoto mmoja, na mzazi wa namna hiyo ana sababu ya kutomwacha mapema.

Kwenye matope yayo hayo hula ndege mwingine ambaye mkasa wake ni kinyume kabisa. Ni chamchanga mwenye mdomo uliopinda kidogo kuelekea chini, mdogo kiasi cha kutosha kiganjani. Huzaliana kaskazini ya mbali ya Siberia, zaidi ya kilomita 8,000 kutoka Mida. Dume huondoka mapema, mayai yakingali yanaatamiwa. Jike huatamia mayai manne peke yake, huwalinda vifaranga wanaojitafutia wadudu wenyewe, kisha naye huanza safari. Watoto hubaki nyuma, na mbawa zao zikipata nguvu hufuata njia ambayo hawajawahi kuiona na ambayo hakuna mzazi anayewaonyesha.

Ndiyo maana chamchanga wa Agosti huko Mida huwa wakubwa, wengine wakiwa bado na mabaki ya wekundu wa majira ya kuzaliana kifuani. Wanaozaliwa mwaka huo huja baadaye, Septemba na Oktoba, wakiwa na manyoya mapya ya mgongoni yenye kingo nyeupe kama magamba ya samaki. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, wakionya. Kwa chamchanga, kufunzwa na ulimwengu si adhabu, ndio utaratibu wa ukoo. Kinachomwelekeza ni urithi alionao mwilini, pamoja na jua, nyota na usumaku wa dunia, ambavyo wanasayansi wamevithibitisha kwa aina nyingi za ndege wahamao. Namna vyote hivyo vinavyokutana katika kichwa kidogo namna hiyo ingali kitendawili.

Namna ya tatu ya malezi haiko kwenye matope. Asubuhi maji yakiwa yamejaa na ndege wamelala, familia inaweza kugeukia vipepeo, ambao hutaka jua kuliko kitu kingine. Kuanzia saa tatu hadi saa tano asubuhi, mbawa zikishapata joto na upepo wa kusi haujachachamaa, kingo za msitu na viunga vya magofu ya Gede hujaa rangi. Arabuko-Sokoke ina aina zaidi ya 250 za vipepeo.

Mahali rahisi pa kuanzia ni mlimau wa uani. Kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano hafifu huzunguka mti huo, hugusa jani, huondoka, hugusa jingine. Anaonja kwa miguu. Miguu ya vipepeo ina vihisi vya ladha, na jike huligonga jani ili ajue kama ni la jamii ya mlimau na mchungwa, kwa kuwa viwavi wake hawawezi kuishi kwa majani ya mti wowote ule. Akiridhika huacha yai moja na kwenda zake. Hatamwona mtoto wake. Malezi yake yote ni kule kuchagua jani, na akikosea hapo hakuna pa kusahihisha. Kiwavi akitoka hufanana na kinyesi cha ndege, kinga nzuri kwa asiyeweza kukimbia. Akikua hugeuka kijani, na akibughudhiwa huchomoza nyuma ya kichwa pembe laini ya rangi ya chungwa yenye harufu kali. Mtoto wa mtu akimgusa kwa ujiti mara moja ataiona, na inatosha kuiona mara moja.

Gede ndiko elimu hiyo ya jani ilikogeuzwa kuwa kazi. Mwaka 1993 ulianzishwa hapo mradi wa Kipepeo, wakati ambapo wakulima wengi waliopakana na msitu waliuona kama shamba walilonyimwa. Mfugaji hukamata vipepeo majike, humweka kila mmoja ndani ya chandarua pamoja na mmea wake, hukusanya mayai na kuwalisha viwavi hadi kila mmoja ajifunge na kugeuka bundo, ile hali ya kimya kabla ya mbawa. Mabundo husafirishwa kwa ndege hadi Ulaya na Marekani, kwenye nyumba za maonyesho ambamo vipepeo hutoka mbele ya wageni. Baadhi ya vipepeo wa msituni hawajali maua, na wafugaji huwanasa kwa ndizi zilizooza na kuchacha. Mfugaji hulazimika kuujua mti wa kila kipepeo, na mti huo ukikatwa msituni, pato lake nalo hupungua. Kwa hiyo kipepeo asiyemjua mwanawe amewapa wafugaji sababu ya kuulinda msitu kwa ajili ya wana wao.

Ulinzi huo unahitajika pande zote mbili za barabara ya Malindi, inayopita kati ya msitu na hori. Msitu hukatwa kwa mbao na makaa, na mikoko hutafutwa kwa boriti. Hasara nyingine hutoka mbali: mwaka 2024 chamchanga huyo wa Siberia aliwekwa katika daraja la viumbe walio katika mazingira hatarishi (Vulnerable) kwenye orodha ya kimataifa ya IUCN, kwa sababu idadi yake imeshuka. Ndege anayetegemea vituo vingi njiani hudhurika kwa kukosa hata kimoja. Mida ni kituo kimojawapo, na bado kinatumika.

Jioni, maji yakijaa tena, wala kaa hukusanyika juu ya fungu la mchanga lililobaki, wote wakielekea upepo unakotoka. Hapo weupe na kijivu husimama bega kwa bega, na kilio cha kuomba husikika hadi giza liingie. Hali hiyo huendelea kwa miezi, huku makosa ya mtoto yakipungua na kaa anaowakamata mwenyewe wakiongezeka. Karibu na Aprili, ndege wakubwa huruka kurudi kaskazini kutaga. Wengi wa wachanga hawaendi nao, kwa kuwa umri wao wa kuzaa haujafika. Hubaki Mida msimu wote wa mvua za masika, bila wa kuwaletea chakula, wakisimama tuli kando ya matundu na kusubiri kaa watoke.