Waya wa spika ya besi: nunua shaba, usinunue sifa

Amplifaya nyingi za besi zina tundu la jeki mbele, la kuchomekea gitaa, na jingine nyuma, la kwenda kwenye spika. Matundu yote mawili ni ya milimita 6.35, kwa hiyo waya wowote wenye jeki utaingia kokote. Matatizo mengi ya wapiga besi huanzia hapo, maana nyaya hizo mbili, hata zikifanana kwa nje, kazi zao ni mbali kabisa.

Umeme unaotoka kwenye gitaa ni mdogo mno. Kwa kawaida haufiki hata volti moja, na mngurumo wa taa au transfoma ya jirani huuvuruga kirahisi. Ndiyo sababu waya wa gitaa una uzi mmoja mwembamba katikati, umezungushiwa wavu wa nyuzi za kuzuia mngurumo. Upande wa spika mambo ni mengine. Amplifaya ya wati 500 inayosukuma mzigo wa omu 4 hutoa karibu volti 45 na ampia 11. Mngurumo wa taa hauwezi kitu mbele ya nguvu hiyo. Kinachotakiwa ni njia pana.

Usitegemee maandishi ya kwenye mpira wa waya kuzitofautisha. Fungua kifuniko cha jeki utazame ndani. Ukikuta uzi mwembamba umelehemiwa kwenye ncha, na wavu umesokotwa na kulehemiwa pembeni, huo ni waya wa gitaa. Ukikuta nyaya mbili nene zinazolingana, kila mmoja na mpira wake, huo ndio wa spika.

Tufanye hesabu kidogo. Chukua waya wa gitaa wa mita 3 ambao uzi wake wa kati una eneo la milimita za mraba 0.22. Ampia 11 zikipita humo, karibu wati 30 hugeuka joto kwenye uzi huo peke yake. Waya wa spika wa urefu huohuo, wa milimita za mraba 2.5, hupoteza kama wati 5 tu, kwenda na kurudi. Plastiki inayotenganisha uzi huo na wavu ni laini. Ikipata moto muda mrefu hulainika, nyuzi zikagusana, na amplifaya ikapigwa shoti katikati ya wimbo.

Kwa umbali mfupi, kutoka kwenye amplifaya hadi kwenye sanduku la spika lililo chini yake, milimita 1.5 zinatosha. Milimita 2.5 zinakupa nafasi ya kupumua, hasa kwa amplifaya kubwa, na bei haiachani sana. Waya unavyorefuka ndivyo unavyopaswa kunenepa, kwa hiyo ni heri amplifaya ikae karibu na spika kuliko kuvuta waya jukwaa zima.

Unene pekee hautoshi ikiwa si shaba. Madukani zimejaa nyaya za alumini iliyopakwa shaba juu, na ukizitazama zinang'aa kama shaba tupu. Ukinzani wake ni zaidi ya mara moja na nusu ya ule wa shaba, na nyuzi zake hukatika upesi waya unapokunjwa na kukunjuliwa kila wiki. Omba kipande kidogo, chuna uzi mmoja kwa kisu. Ukiona weupe ndani ya wekundu, ni alumini. Hata uzito husema: bunda la shaba huelemea mkono. Waya wa umeme wa kawaida wenye nyuzi nyingi nyembamba, wa shaba halisi, unaouzwa kwa mita kwenye maduka ya vifaa vya umeme, unafanya kazi hii vizuri kabisa. Epuka tu ule wenye uzi mmoja mgumu, maana hauvumilii kukunjwa. Dhahabu kwenye ncha na shaba “isiyo na oksijeni” ni mapambo ya bei. Kwa mita mbili za waya, sikio halitatambua tofauti.

Tuje kwenye viunganishi. Jeki ni kifaa cha vituo vya simu vya karne ya 19, na kwa gitaa bado inafaa. Kwa spika ina kasoro mbili. Haijifungi, kwa hiyo mtu akijikwaa inatoka. Pili, ikiingia au kutoka nusunusu inaweza kuunganisha chanya na hasi amplifaya ikiwa imewaka. Kwenye baadhi ya amplifaya za kisasa za daraja D, pande zote mbili za spika zina umeme, na chuma cha jeki kikigusa ardhi kinaweza kuiunguza.

Mwaka 1987 kampuni ya Neutrik ya Liechtenstein ilileta Speakon, kiunganishi cha spika tu. Unakisukuma, unakizungusha robo, kinajifunga. Sehemu zenye umeme zimefichwa ndani, vidole havizifikii. Masanduku mengi ya besi hutumia alama 1+ na 1−, hata pale kiunganishi kinapokuwa na nafasi nne. Unapofunga waya kwenye skrubu zake, usizipake lehemu ncha za nyuzi. Lehemu ni laini, hubonyea taratibu chini ya skrubu, na baada ya miezi waya unalegea.

Kuna jambo moja lisilo na mjadala: plagi ya ukutani isitumike kamwe kwenye waya wa spika. Wapo mafundi wa sherehe wanaofanya hivyo kwa sababu ni rahisi kupatikana. Siku mtu asiyejua akiichomeka ukutani, volti 230 zitaingia kwenye spika, na aliyeshika ncha ya pili anaweza kufa.

Kumbuka pia kuwa waya mzuri haubadilishi hesabu ya omu. Masanduku mawili ya omu 8 yakiunganishwa sambamba huwa omu 4. Mawili ya omu 4 huwa 2, na amplifaya nyingi hazikubali kushuka hivyo. Soma nyuma ya amplifaya kabla ya kuongeza sanduku. Ikiwa ni ya valvu, usiipige kamwe bila spika, kwani transfoma yake inaweza kuungua.

Kama bajeti ni ndogo, anza na Speakon, kisha shaba ya milimita 2.5, rangi na jina la waya viwe vya mwisho. Kabla ya onyesho, chukua multimita. Kutoka 1+ ya ncha moja hadi 1+ ya ncha ya pili isome karibu sifuri. Kati ya 1+ na 1− isisome kitu. Kisha chomeka waya kwenye sanduku la omu 8 upime ncha iliyobaki: ukipata kati ya 5.5 na 7, washa amplifaya upige.